Shahidi wa Chumba cha Nyuma

Ninyi mlio na nyumba yenye chumba cha nyuma, na ndani ya chumba hicho mmemweka mtu aliyewazaa, sogeeni karibu. Haya yanawahusu. Yanawahusu pia walimu na wanafunzi, maana yalianzia kwenye somo la historia, na wote walioshiriki walikuwa na nia njema. Humu hamna mwizi wala katili. Mlevi atatajwa, lakini hakuwepo.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi na nyumba ilikuwa imetulia kama ilivyo desturi yake. Mwenye nyumba, ambaye ni mpima ardhi, alikuwa sebuleni akikagua ramani kwenye kompyuta. Mkewe, mfamasia, alikuwa anapiga pasi koti lake jeupe huku simu ameibana kati ya sikio na bega. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, mapazia yamefungwa vizuri kwa utepe. Mpita njia akichungulia dirishani angesema hii ni nyumba ya watu wastaarabu, na asingekosea.

Katika chumba cha nyuma aliishi mama yake mpima ardhi. Mtaani alijulikana kama Bibi Laini, kwa sababu tangu usichana wake hadi kustaafu alifanya kazi kwenye kituo cha simu cha mji, zama zile ambazo mtu hakuweza kumpigia mwenzake bila kuomba kuunganishwa. Mbele yake ulikuwepo ubao wenye matundu na vitaa. Kitaa kikiwaka, anachomeka waya, anasema, "Namba tafadhali," anachomeka waya wa pili kwenye tundu lingine, na watu wawili wanaongea. Mji mzima aliujua kwa sauti. Sura za watu hakuzijua, kwa kuwa kazi yake haikuhitaji sura.

Katika chumba kile hakukosa kitu. Chakula kililetwa kwa wakati, dawa kwa wakati, shuka zilibadilishwa. Asubuhi mkwewe alichungulia mlangoni.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Dawa?"

"Nimemeza."

Mlango ukafungwa taratibu, kwa heshima. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya siku, na jioni yalirudiwa kwa sauti ya mwanawe. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemnyima. Ukitafuta kosa la nyumba ile katika mambo waliyoyatenda, hutaliona. Lakini mtangazaji wa redio aliposema, "Habari za asubuhi, wasikilizaji," Bibi Laini alijibu, "Nzuri, za kwako?" kisha akanyamaza kidogo, kama anayempisha mwenzake aongee.

Asubuhi hiyo, kabla pasi haijapoa, mlango wa chumba cha nyuma uligongwa kwa vishindo.

"Hodi! Shikamoo, bibi!"

Waliingia watatu, wote wa shule ya sekondari ya mji. Mbele alikuwa mjukuu wake, binti wa mpima ardhi. Nyuma yake alikuja msichana mrefu ambaye wenzake walimwita Dairekta kwa vile aliamrisha hata walipokuwa wanavuka barabara, na kijana mmoja aliyebeba kamera na stendi ya miguu mitatu, jina lake la shuleni Jicho.

"Marahaba," akasema bibi, akiwatazama mmoja mmoja. "Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki, bibi!" Mjukuu akacheka. "Tumekuja kukurekodi."

"Kunirekodi? Nimefanya nini?"

Dairekta akajieleza vizuri, maana alikuwa msichana mwenye akili. Mwalimu wao wa historia alikuwa amechoka kusahihisha tarehe za kukariri. Muhula huu alikuwa amewagawa wanafunzi katika vikundi, na kila kikundi kitengeneze filamu fupi kuhusu tukio moja la mji wao, kwa kuwahoji walioliona. Filamu zingeonyeshwa ukumbini mbele ya wazazi. Wao walikuwa wamechagua moto wa kiwanda cha nyuzi, ule ulioua wafanyakazi wengi miaka ambayo hata mpima ardhi alikuwa hajazaliwa.

"Na mjukuu wako anasema simu ya kuomba msaada ilipita mikononi mwako."

"Ilipita," bibi akakubali.

"Bibi Laini," Jicho akachomekea, "laini yako ilikuwa ya mtandao gani?"

"Ya waya, mwanangu. Haikuwa kama hizi zenu za kuzunguka nyumba nzima mkitafuta kona yenye mawimbi."

Wakacheka wote, na bibi akashangaa kusikia kicheko chumbani mwake.

Chumba cha nyuma kilikuwa na giza, hakikufaa kwa kamera. Wakamhamishia sebuleni, kwenye kiti kikubwa karibu na dirisha. Mpima ardhi akasogeza kompyuta yake pembeni, akageuza kiti chake kuelekea ukutani ili aendelee na kazi. Mjukuu akambana bibi yake kipaza sauti kidogo kwenye ukosi. Dairekta akasema, "Ekshen."

Bibi Laini akasimulia. Mchana ule kitaa cha kiwanda kiliwaka. Sauti ya mwanamume ilisema, "Moto!" Alichomeka waya kwenye tundu la zimamoto. Simu ilipokelewa mara moja, sauti ikasema, "Zimamoto, sema." Alisikia kengele ikigongwa na viatu vikikimbia. Akatoa waya.

"Halafu?" Dairekta akauliza.

"Halafu nikaunganisha wengine. Vitaa vyote vilikuwa vinawaka. Kila mtu alitaka kujua nduguye yuko wapi."

"Hukulia?"

"Nilikuwa kazini."

"Hukuuona moto wenyewe?"

"Dirisha la kituo lilitazama upande mwingine. Niliona moshi tu."

Dairekta akamtazama Jicho, Jicho akapandisha mabega. Kila alichosema bibi kilikuwa kweli, na kilikuwa kimekwisha kabla chai haijamiminwa.

"Basi bibi, asante sana. Tumemaliza. Kata."

Jicho akaanza kukunja miguu ya stendi. Mjukuu akaja kutoa kipaza sauti, akanyoosha mkono ili amsindikize bibi yake nyuma. Mpima ardhi hakugeuka. Bibi Laini akaona stendi inaingia kwenye mfuko wake, mguu mmoja baada ya mwingine, akasikia zipu inafungwa.

"Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu," akasema.

Msomaji, nataka uelewe kwamba aliposema hivyo hakuwa na jambo lolote. Sentensi ilitoka kwanza, na jambo lenyewe likabidi litafutwe.

Zipu ikasimama.

"Jambo gani, bibi?"

"Ile simu haikupokelewa mara moja."

"Jicho! Washa, washa haraka!"

Jicho akawasha. Na nyuma yao, kwa mara ya kwanza tangu waanze kurekodi, kiti cha mpima ardhi kililia kwa kugeuzwa. Mwanawe alikuwa anamtazama. Bibi Laini akavuta pumzi, akaendelea. Aliita, akangoja, akaita tena. Mtu alipopokea, ulimi wake ulikuwa mzito. Bwana wa zamu alikuwa amelewa. Alimwambia apige kesho.

"Ee Mungu wangu," Dairekta akanong'ona, na macho yake yakang'aa.

"Leo nimechoka," akasema bibi. "Mkirudi nitawamalizia."

Walirudi. Wakarudi tena. Kila walipokuja alikuwa na kipande kingine: mara alisikia chupa zikigongana, mara mtu anaimba, mara mkuu wa kituo cha simu alimtishia kumfukuza kazi akifungua mdomo. Kwa anayetaka kujua ukweli ni upi katika hayo, jibu ni fupi. Kiwanda kiliungua na simu ilipigwa. Yaliyobaki yalitengenezwa kwenye kiti kile karibu na dirisha, na aliyeyatengeneza alijua anachofanya.

Alijua, ila aliona pia kilichokuwa kinatokea nyumbani. Mfamasia alianza kumsukia nywele Ijumaa jioni ili zikae vizuri kwenye kamera, na wakati anasuka waliongea. Mpima ardhi alimwita mezani kula. "Mama, maisha yote hukutuambia!" alisema, huku amesahau kijiko mkononi, na akauliza swali, kisha swali la pili. Kiti kikubwa hakikurudishwa mahali pake. Kila jioni Bibi Laini alijiambia kwamba kesho atasema kweli. Kisha alifikiria stendi inavyokunjwa, akanyamaza. Alijipa sababu moja: hakumpa bwana wa zamu jina lolote. Mtu asiye na jina hawezi kuumizwa, alijiambia.

Aliyekaribia kumwokoa alikuwa mjukuu. Jioni moja alimfuata mezani, baba na mama wakiwa wameshainuka.

"Bibi, siku ya kwanza ulisema alipokea mara moja."

"Siku ya kwanza niliogopa."

"Kumwogopa nani?"

"Mkuu wa kituo."

"Si ulisema alishakufa zamani?"

Bibi akaitazama sahani yake. Mlango wa kukiri ulikuwa wazi kabisa. Ilitosha kusema, "Mjukuu wangu, nimedanganya." Badala yake akatabasamu.

"Wewe unatengeneza filamu au umeajiriwa na polisi?"

Binti akacheka, akaondoka. Kesho yake alimweleza Dairekta mashaka yake. Dairekta alikuwa mbele ya kompyuta ya shule, anahariri.

"Ile klipu ya kwanza tuitoe," akasema Dairekta. "Inawachanganya watazamaji."

"Lakini kama ndiyo ya kweli?"

"Mtu anaweza kukumbuka zaidi akizoea kamera. Bibi yako muongo?"

Ni swali ambalo mjukuu hawezi kulijibu ndiyo. Klipu ikaondolewa. Hivyo sehemu pekee ya kweli katika filamu nzima ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukatwa.

Mwalimu wa historia aliwawekea sharti tangu mwanzo: kila dai liwe na vyanzo viwili. Dairekta hakulipuuza. Isitoshe, alihitaji picha. "Mtu asiye na sura hamsisimui mtazamaji," aliwaambia wenzake. Wakaenda kituo cha zimamoto. Ukutani ilining'inia picha ya kikosi cha zamani, na ofisa aliyewapokea, ambaye alisimuliwa habari hizo na waliomtangulia, akaweka kidole juu ya mtu mmoja mwenye masharubu yaliyochongwa.

"Zamu ya siku ile alikuwa huyu. Walimwita Sajini."

Jicho akaipiga picha ile picha. Wakashukuru, wakaondoka. Walichouliza ni nani alikuwa zamu, nacho walijibiwa kwa usahihi. Kama alikuwa amelewa hawakuuliza, kwa sababu hilo waliona wanalijua tayari. Mwalimu alipopita kwenye meza yao, akiwa na vikundi vingine vinavyomvuta shati, aliuliza, "Zimamoto wamethibitisha?" Wakajibu, "Ndiyo, mwalimu." Akapita.

Bibi hawakumwambia. Picha walitaka aione ukumbini, iwe zawadi kwake.

Siku ya maonyesho ilipokaribia, mfamasia alitaka mama mkwe avae gauni jipya. Upande wa pili wa ukuta wa uani aliishi mshonaji, mjane mkimya, na mlio wa cherehani yake ulifika mpaka chumba cha nyuma kila siku. Miaka yote hiyo Bibi Laini aliusikia mlio ule bila kumjua mwenyewe zaidi ya salamu za getini. Mshonaji akaja na futi yake, akampima mabega.

"Mama umekonda huku juu. Nitabana kidogo."

"Bana tu. Kamera nasikia inanenepesha."

"Basi nisibane, ikunenepeshe vizuri." Mshonaji akacheka na pini mdomoni. "Mimi nitakuwepo siku hiyo. Mwanangu wa mwisho anasoma palepale. Filamu yenu ni ya nini?"

"Mambo ya zamani," bibi akajibu. "Historia ya mji."

Gauni lilimkaa vizuri sana.

Ukumbi wa shule ulijaa. Bibi Laini aliketishwa safu ya mbele, mwanawe kushoto, mkwewe kulia. Taa zikazimwa. Ikaonyeshwa filamu ya soko la zamani, ikaonyeshwa ya reli, watu wakapiga makofi. Kisha sauti yake mwenyewe ikajaza ukumbi, na akajiona mkubwa kuliko mlango, nywele zimesukwa, akisema, "Ulimi wake ulikuwa mzito." Jicho alikuwa amerekodi chupa mbili za soda zikigongana, akaziweka chini ya maneno hayo. Kazi safi, lazima niseme. Picha ya kikosi ikatokea, ikaanza kusogea polepole kuelekea sura moja. Masharubu yakajaa skrini. Chini yakatokea maandishi: SAJINI, OFISA WA ZAMU.

Bibi Laini akashika mkono wa kiti. Mtu wake asiye na jina alikuwa anamtazama.

"Zimeni."

Sauti ilitoka katikati ya ukumbi. Hakuna aliyesogea.

"Nimesema kizimeni hicho kitu!"

Mwalimu akakimbilia projekta. Taa zilipowaka, mshonaji alikuwa amesimama, mkono mmoja begani kwa mwanawe.

"Yule ni baba yangu," akasema. Alisema kwa utulivu, na utulivu wake uliwatisha watu zaidi. "Pombe hakuionja maisha yake yote. Aliingia kwenye moto ule, akatoka na mapafu mabovu. Sisi wanawe tulilala tukisikia kifua chake kinapiga mluzi, mpaka kilipoacha. Nani amesema alikuwa amelewa?"

Mwalimu akamgeukia Dairekta.

"Zimamoto walisema alikuwa mlevi?"

"Walisema alikuwa zamu."

"Nimeuliza habari ya ulevi."

Jicho alikuwa anatazama viatu vyake. Mjukuu alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili.

Mpima ardhi akamwinamia mama yake. "Sema umesahau," akanong'ona. "Sema ni umri, mama. Watakuelewa."

Na kweli wangemwelewa. Msomaji, ufikirie vizuri mlango huo aliofunguliwa. Mzee aliyechanganya mambo anaonewa huruma, anapewa maji, anarudishwa nyumbani akiwa ameshikwa mikono pande zote mbili. Marehemu angebaki na doa la shaka, kwani nani angejua bibi alichanganya lipi na lipi?

Bibi Laini akasimama.

"Sikusahau kitu," akasema. "Simu ilipokelewa mara moja. Sauti ilisema, 'Zimamoto, sema,' na haikuwa ya mlevi. Nilisikia kengele kabla sijatoa waya. Mengine yote nimeyatunga mimi."

Ukumbi ukavuma. Mshonaji akangoja mpaka watu wanyamaze.

"Kwa nini?"

"Walikuwa wanaondoka."

"Nani walikuwa wanaondoka?"

Bibi akataka kueleza, akakuta jambo lenyewe halina maneno mengine. "Watoto," akasema. "Walikuwa wanafunga zipu."

Wengi ukumbini hawakuelewa. Mshonaji alimshika mwanawe mkono, wakatoka.

Walipofika nyumbani, mpima ardhi alizima injini, akabaki ameshika usukani.

"Umetuaibisha, mama. Mbele ya mji mzima. Ungesema umesahau."

"Siku niliyosema kweli," bibi akajibu, "kiti chako kilikuwa kimetazama ukuta."

Mwanawe akafungua mlango, akaingia ndani. Mfamasia alimsaidia bibi kushuka, akampeleka moja kwa moja chumba cha nyuma.

Asubuhi Bibi Laini alitoka peke yake, akazunguka ukuta mpaka kwa mshonaji. Mlango ulikuwa wazi na cherehani inalia. Kivuli chake kilipoanguka mlangoni, ikanyamaza.

"Nimekuja kuomba msamaha," akasema.

"Nimekusikia jana. Kusema pale mbele za watu haikuwa kazi rahisi, hilo nakupa." Mshonaji hakumkaribisha kukaa. "Nieleze kitu kimoja tu. Ulitaka watoto wabaki. Ili uongee na mtu."

"Ndiyo."

"Mimi niko hapa mwaka mzima. Sina pa kwenda. Naongea na kitambaa. Ungegonga ukuta."

"Nilidhani una kazi."

"Ninayo. Ningejibu huku nashona."

Bibi akashika mwimo wa mlango. "Na sasa nikigonga?"

Mshonaji aliweka kitambaa chini ya sindano, akakinyoosha kwa kiganja.

"Sasa hapana, mama," akasema. Hakusema kwa ukali. Cherehani ikaanza kulia tena.

Mwalimu wa historia hakuificha aibu, na hilo nimsifu. Aliwaeleza wanafunzi na wazazi kwamba yeye ndiye aliyepaswa kuuliza swali la pili na hakuliuliza. Aliwarudisha wale watatu kazini. Walikwenda tena zimamoto, na safari hii waliuliza walichopaswa kuuliza. Walimwomba mshonaji awaeleze kuhusu baba yake, akakubali kwa sharti kwamba waje bila kamera kwanza, wakae, wasikilize. Klipu ya siku ya kwanza, ile iliyokatwa, ilirudishwa. Filamu ikaonyeshwa upya, ukumbi uleule.

Bibi Laini hakwenda. Hakuna aliyemkataza, gari liliondoka tu, kila mmoja akidhani mwenzake amemuuliza. Nyumba ikawa kimya. Kiti kikubwa kilikuwa kimesharudishwa kwenye kona yake. Alikaa kitandani mlango wazi, akisikiliza kama watu watarudi.

Walirudi. Mjukuu alipita kwenye korido na vipokea sauti masikioni, akaingia chumbani kwake. Mpima ardhi akasimama kizingitini, funguo za gari mkononi.

"Imeenda vizuri, mama. Watu wamepiga makofi."

"Na mimi walinionyesha?"

"Kidogo tu mwanzoni. Ile sehemu ya kweli ni fupi."

Hakusema kwa ubaya. Ni taarifa, na ilikuwa sahihi.

"Mshonaji alikuja?"

Mwanawe akafikiri kidogo.

"Sikuangalia," akasema. "Umekula?"

"Nimekula."

"Dawa?"

"Nimemeza."

Akaufunga mlango taratibu, kwa heshima.

MAFUNZO

Wanafunzi, naanza na ninyi. Shahidi si kisima kwamba unatumbukiza ndoo na kuondoka na maji. Ni mtu, na ana haja zake. Kabla hujaandika alichosema, jiulize anapata nini kwa wewe kuendelea kumsikiliza. Jina lililothibitishwa halithibitishi tendo. Na simulizi likiwa fupi na lisilosisimua, hiyo si sababu ya kulikata. Mara nyingi mambo yaliyotokea kweli ndivyo yalivyo.

Wazee, upweke si uongo na si aibu. Semeni, "Niko peke yangu," kwa maneno hayohayo, kabla hamjamwazima marehemu wa watu ili awaletee wageni. Bibi Laini alidhani mtu asiye na jina hawezi kuumizwa. Kila mtu ana jina, na kuna aliye hai anayelijua.

Lakini mzigo mkubwa nauweka pale unapostahili. Mama huyu alilishwa, akavishwa, akatibiwa, na hakuna mahakama ingemtia mwanawe hatiani. Hata hivyo, katika nyumba ile ukweli wake ulisikilizwa na ukuta, na uongo wake ukaalikwa mezani. Watu hujifunza haraka kinachowafanya wasikilizwe. Kama kwako kuna chumba cha nyuma, usiulize tu kama aliyemo amekula. Vuta kiti, kigeuze kimtazame yeye, na muulize jambo ambalo hujui jibu lake. Kisha ukae mpaka amalize, hata kama ni fupi.